Wake wa Windsor, Mume Mwenye Wivu, na Sisi Tuliocheka



Jumamosi moja ya muhula uliopita, baada ya chakula cha jioni, tulitandaza shuka nyeupe juu ya ukuta wa bwalo tukatazama picha ya mchezo wa kuchekesha ulioigizwa kwa Kiswahili. Mchezo wenyewe wahusu wake wawili, mwanamume mnene atakaye kuwashawishi waziache ahadi za ndoa zao, na mume mmoja ambaye wivu umemnyima usingizi. Tulicheka hata mabenchi yakalia. Picha ilipokwisha, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono akauliza, "Kaka, katika somo la dini tumefundishwa ya kuwa uzinzi ni dhambi. Mbona leo tumeucheka?"

Hakuna aliyemjibu vizuri. Mmoja alimwambia aketi. Mwingine alimwambia, "Huyu ni Shakespeare," kana kwamba jina la mtu ni jibu. Mimi niliyekuwa nikikunja nyaya za mashine nilinyamaza, lakini swali lile lilinifuata mpaka bwenini. Tena si swali la bure. Chama chetu cha michezo ya kuigiza kimeomba ruhusa ya kuucheza mchezo huo mbele ya wazazi mwisho wa mwaka, na walimu wetu hawajakubaliana. Wako wasemao kwamba ndoa si jambo la kuchezewa mbele ya watoto. Basi nimeshika kalamu nijaribu kumjibu mdogo wetu, na kueleza jinsi mchezo wa namna hii unavyofanya kazi yake.

Kwanza nieleze mchezo umetoka wapi. Uliandikwa na Mwingereza William Shakespeare karibu na mwaka 1597, ukapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1602. Kwa Kiingereza waitwa The Merry Wives of Windsor. Windsor ni mji ulio kando ya mto Thames, magharibi ya London, penye ngome ya wafalme. Shakespeare aliandika mengi juu ya wafalme na nchi za mbali, lakini hapa aliandika juu ya watu wa kawaida wa kwao: wenye nyumba na wake zao, daktari, mchungaji wa kanisa, mwenye nyumba ya wageni, na watumishi wa kubeba nguo za kufua. Iko hadithi isemayo kwamba Malkia Elizabeth alipendezwa mno na yule mtu mnene, Sir John Falstaff, alipomwona katika michezo mingine, akaamuru aonyeshwe akiwa katika mapenzi. Hadithi hiyo ni tamu, walakini iliandikwa miaka mia moja baada ya mchezo wenyewe.

Na kwa Kiswahili je? Mwaka 2012, mwaka wa michezo ya Olimpiki ya London, ukumbi wa Globe uliojengwa kwa mfano wa ukumbi wa zamani wa Shakespeare ulialika vikundi kutoka pande zote za dunia vicheze michezo 37 kwa lugha 37. Wazimbabwe walicheza kwa Kishona, Wanigeria kwa Kiyoruba. Sudan Kusini, ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, ilicheza kwa Kiarabu cha Juba. Nasi watu wa Afrika ya Mashariki tulipewa hawa wake wa Windsor. Mchezo ulipelekwa na kikundi cha Nairobi kiitwacho The Theatre Company, pamoja na kikundi cha London kiitwacho Bitter Pill, ukapewa jina Wanawake wa Heri wa Winsa. Falstaff aliigizwa na Mtanzania, Mrisho Mpoto, mshairi tumjuaye kwa jina la Mjomba. Michezo ile ilipigwa picha, na ndiyo sababu sisi tuliokuwa watoto wadogo wakati ule tumeweza kuuona.

Wazee wetu watakumbuka kwamba Shakespeare hakuwa mgeni katika Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kufasiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini hapa Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, wengi wetu tulikijua zaidi kuwa lugha ya Biryogo na Nyamirambo, ya masoko na ya madereva wa magari makubwa. Kukisikia kikibeba mchezo mzima kama ule kulitufurahisha sana.

Sasa hadithi yenyewe. Sir John Falstaff ni mzee mnene, mlevi, mwenye cheo lakini hana fedha. Amesikia kwamba Bibi Ford na Bibi Page ndio washikao mifuko ya waume zao. Basi aazimia kuwatongoza wote wawili, si kwa ajili ya mapenzi hasa bali kwa ajili ya fedha. Aandika barua ya mahaba, kisha aandika ya pili, maneno yale yale, amebadili jina tu. Wale mabibi ni marafiki. Kila mmoja amwonyesha mwenzake barua aliyopata. Wazilinganisha, waona ni mapacha. Hawalii, wala hawatishiki. Wapatana kumfundisha adabu.

Huku nyuma, watumishi wawili ambao Falstaff amewafukuza waenda kuwaambia waume habari ile. Bwana Page acheka. Yeye amwamini mkewe, naye aona kwamba Falstaff akijaribu hatapata kwake ila maneno makali. Lakini Bwana Ford ashikwa na homa ya wivu. Ajigeuza, ajiita Bwana Brook, aenda kwa Falstaff na mfuko wa fedha, amwomba amshawishi Bibi Ford! Yaani mume amlipa mtu mwingine amharibie nyumba yake mwenyewe, apate tu kujua kama nyumba yaweza kuharibika. Falstaff apokea fedha, ajigamba kwamba miadi iko tayari, na saa yake aitaja.

Mara ya kwanza Falstaff aingia nyumbani kwa Bibi Ford. Bibi Page aja mbio akijifanya kuleta habari kwamba mume yuaja na watu. Kumbe, bila wao kujua, mume yuaja kweli. Falstaff ajitia katika tenga kubwa la nguo chafu, afunikwa kwa mashuka yanayonuka jasho, achukuliwa na watumishi mbele ya macho ya mume, kisha atupwa mtoni. Bwana Ford apekua nyumba nzima asione kitu. Mara ya pili avishwa nguo za mwanamke mzee wa Brentford, shangazi wa mtumishi wa nyumba, ambaye Bwana Ford humchukia kwa kumdhania mchawi. Bwana Ford safari hii apekua tenga, atupa nguo moja moja chini mbele ya majirani, asimwone mtu. Kisha amwona yule "bibi kizee" akishuka, ampiga kwa fimbo, amfukuza.

Hapo wale mabibi waona yatosha. Wawaambia waume zao yote. Bwana Ford amwomba mkewe msamaha. Ndipo wote kwa pamoja, wake na waume, wamwekea Falstaff mtego wa mwisho. Aambiwa aje usiku wa manane chini ya mti mkubwa wa mwaloni, amevaa pembe kichwani kama mzimu wa mwindaji wa zamani. Watoto waliovaa kama majini wadogo wamzunguka, wamfinya, wamchoma kwa mishumaa. Kwa Waingereza wa zamani pembe zilikuwa alama ya mume ambaye mkewe amemsaliti. Falstaff alitaka kuwavika wenzake pembe, mwisho amezivaa mwenyewe. Kama Waswahili wasemavyo, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hii ndiyo hadithi. Sasa nirudi kwa swali la mdogo wetu. Je, tuliucheka uzinzi? Mimi nasema hapana, kwa sababu katika mchezo huu uzinzi haukutendeka. Wake wale wawili hawakukosa hata kwa dakika moja. Tazameni tulicheka wapi. Tulicheka barua mbili, tenga la nguo, mzee kuanguka mtoni, na mume kupekua sketi na mashuka mbele za watu. Tuliwacheka watu wawili tu: yule adhaniaye kwamba mke wa mtu hununuliwa kwa barua, na yule adhaniaye kwamba mke wake tayari amenunuliwa. Watu hawa waonekana kama maadui, lakini fikra yao ni moja. Wote wawili hawaamini kwamba mwanamke aweza kusema "hapana" kwa nia yake mwenyewe, mlango ukiwa wazi na hakuna amwonaye.

Juu ya barua zile mbili, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwanafunzi mmoja, ambaye hapa sitamtaja, wakati wa likizo aliwatumia wasichana wawili ujumbe mmoja kwa simu, wenye maua na nyota na ahadi za milele. Hakujua kwamba wale wasichana, wa shule nyingine, huketi dawati moja. Siku ya michezo baina ya shule zetu walimjia pamoja, wamenakili ujumbe ule katika daftari, wakamsomea kwa zamu, huyu sentensi moja na huyu sentensi moja, mpaka mwisho. Mshika mbili moja humponyoka. Huyu zilimponyoka zote mbili. Hakupigwa wala hakushitakiwa, lakini nawahakikishieni kwamba hatarudia. Wale wasichana hawakuwa wamesoma Shakespeare. Walifanya kama Bibi Ford na Bibi Page: walionyeshana barua. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya mchezo. Mshawishi hutegemea kwamba kila mmoja ataificha barua yake kwa aibu. Barua ikitolewa mezani, nguvu yake imekwisha.

Siri ya pili ni juu ya wivu. Yuko mume mwingine mwenye wivu katika michezo ya Shakespeare, naye ni Othello, jemadari wa Venisi. Wengi wetu tumesoma habari zake. Othello na Bwana Ford wana ugonjwa mmoja. Kila mmoja ana mke mwaminifu. Kila mmoja amenong'onezewa neno. Kila mmoja ataka ushahidi. Othello ashikilia leso, Bwana Ford ashikilia tenga. Lakini Othello amwua Desdemona kitandani, na Bwana Ford amwomba mkewe radhi kisha aenda kucheka naye. Kwa nini njia zao zimeachana?

Nimeitafakari sana habari hii, na nionavyo mimi sababu ni majirani. Bwana Ford kila anapopekua nyumba yuaja na watu: Bwana Page, daktari, mchungaji. Wamwona akitupa nguo chini, wamwambia wazi kwamba amekosa, kwamba anamwonea mkewe, kwamba akili zake zimeruka. Wivu wake waona jua na upepo. Othello ana mtu mmoja tu masikioni mwake, naye ni Iago, adui yake. Mwanamke ambaye angeweza kumwambia ukweli, yaani Emilia mke wa Iago, asema wakati Desdemona amekwisha kufa. Wivu wa Bwana Ford waaibika mbele ya watu, kwa hiyo wapona. Wivu wa Othello wafichwa gizani, kwa hiyo wakua mpaka unaua. Kicheko cha majirani chauma, lakini chafanya kazi ya dawa.

Hapa mtu aweza kuniuliza: hayo ni ya mchezo wa jukwaani wa zamani, je, picha za sinema zinazocheka tamaa za watu waliooana? Swali hili lilikwisha kuulizwa Hollywood. Mwaka 1930 makampuni ya sinema ya Marekani yalikubali kanuni za maadili ambazo mmoja wa waandishi wake alikuwa padri Mjesuiti, Daniel Lord. Toka mwaka 1934 kanuni hizo zilishikwa kwa nguvu, mpaka zilipoachwa mwaka 1968. Zilisema kwamba uzinzi haufai kufanywa jambo la kuchekesha. Mnaona kwamba mdogo wetu wa mwaka wa kwanza aliuliza swali la Padri Lord bila kumjua.

Kanuni hizo zilikutana na mtihani mwaka 1955, katika picha iitwayo The Seven Year Itch ya Billy Wilder, ambamo alicheza Marilyn Monroe. Picha ilitokana na mchezo wa jukwaani wa George Axelrod wa mwaka 1952. Mume mmoja wa New York, aliyeoa kwa miaka saba, abaki peke yake wakati wa joto kali. Mke na mtoto wamekwenda kupumzika mahali penye baridi. Juu ya nyumba yake ahamia msichana mzuri. Katika mchezo wa jukwaani mume yule aanguka dhambini. Katika picha, kwa sababu ya kanuni, haanguki. Yote yabaki katika mawazo yake. Ajiona katika ndoto kuwa mtu ambaye wanawake wote wamfia, kumbe ni mtu wa ofisini mwenye jasho ambaye hata chupa yamshinda. Mwisho akimbia kwenda kwa mkewe na mwanawe.

Watu wengi wamesema kwamba kanuni ziliharibu picha ile. Labda zilipunguza kitu. Lakini mimi naona kwamba, pasipo kukusudia, ziliirudisha kwenye njia ya wake wa Windsor. Kichekesho cha namna hii huishi kizingitini, kati ya tamaa na tendo. Mtu aliye kizingitini huchekesha, maana ajiona simba na sisi twamwona paka. Akiisha kuingia chumbani, yuko mtu mwingine anayelia, tena wako watoto. Hapo kicheko huondoka, hata kama mwandishi ataka kuendelea kuchekesha.

Sitaki kuusifu mchezo huu kupita kiasi. Lipo jambo moja ndani yake lililotunyamazisha. Ni pale Bwana Ford alipompiga "mwanamke mzee wa Brentford". Mwanzo bwalo zima lilipiga kelele kwa furaha, maana tulijua kwamba ndani ya zile nguo yumo Falstaff, naye alistahili. Kisha mwenzangu aliyeketi karibu alininong'oneza, "Na kama angekuwa bibi kizee kweli?" Kicheko kilinikauka. Bwana Ford hakujua kwamba anampiga Falstaff. Yeye aliamini kwamba anampiga mwanamke mzee, kwa sababu tu watu humdhania mchawi. Katika nchi za jirani zetu wako wanawake wazee waliouawa kwa dhana ya namna hiyo hiyo, wala hapakuwa na Falstaff ndani ya nguo zao. Naona kwamba hapo Shakespeare ameonyesha, hata kama watazamaji wake hawakuliona, kwamba mtu mwenye dhana mbaya juu ya mkewe hatakosa kuwa na dhana mbaya juu ya wanawake wengine. Tukipewa ruhusa ya kuucheza, nitaomba sehemu ile isichezwe kwa haraka.

Lipo pia jambo la Bwana Page, yule mume mwema mwenye imani. Katika mchezo yeye na mkewe wana binti, Anne. Baba ataka aolewe na kijana mjinga mwenye mali, aitwaye Slender. Mama ataka aolewe na Daktari Caius. Kila mmoja, kwa siri, bila kumwambia mwenzake, apanga kumtorosha binti usiku ule ule wa majini, avae nguo za rangi fulani apate kutambulikana. Matokeo yake Slender amtorosha mvulana aliyevaa nguo za kike, na daktari naye vivyo hivyo, huku Anne amekwisha kufunga ndoa na Fenton, kijana ampendaye. Tulicheka sana hapo. Lakini baadaye niliona ajabu. Bwana Ford, mwenye wivu, hakudanganywa na mkewe katika jambo la ndoa, ila katika kufundishwa adabu. Bwana Page, ambaye hakuwa na wivu hata kidogo, ndiye aliyefichwa jambo kubwa la nyumba, naye alimficha mkewe vile vile. Basi uaminifu wa mume na mke si wa kitandani peke yake. Wako watu ambao hawajavunja amri ya sita, lakini kila mmoja ana mfuko wake, siri yake, na mpango wake juu ya watoto.

Je, mambo haya yatuhusu sisi wa Kigali? Yatuhusu. Kwetu ndoa ni jambo zito. Bwana na bibi arusi huapa mbele ya ofisa wa serikali, wameshika bendera ya taifa, wameinua mkono wa kulia. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 iliuhesabu uzinzi kuwa kosa, lakini iliagiza kwamba kesi haiendeshwi ila mwenzi aliyekosewa ameshitaki. Hata hivyo wazee wetu hawakuona kwamba uzito wa jambo wakataza kucheka. Nani kati yetu hajahudhuria gusaba? Msemaji wa upande wa msichana hukataa, huleta vikwazo vya mzaha, hujifanya hajui wageni wamefuata nini. Msemaji wa upande wa kijana hujibu kwa maneno matamu. Watu hucheka mpaka machozi, na mwisho wake ng'ombe hutajwa na ndoa hufungwa. Kicheko kile hakiivunji heshima ya ndoa. Kinawafundisha wale vijana wawili kwamba wanaingia katika nyumba ambayo majirani na wazee wana sauti ndani yake.

Tena tuna methali yetu ya Kinyarwanda: Ntazibana zidakomanya amahembe. Maana yake, ng'ombe wakaao pamoja hawakosi kugonganisha pembe. Nilipoziona pembe za Falstaff niliikumbuka. Methali hii haisemi kwamba ng'ombe watenganishwe, wala haisemi kwamba pembe zikatwe. Yatwambia tusishangae kusikia mgongano. Bwana Ford na mkewe waligongana, wakakaa zizi moja.

Basi, mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, jibu langu ndilo hili. Hatukuicheka amri ya Mungu. Tulimcheka mtu aliyedhani kwamba kuivunja ni rahisi, na mtu aliyedhani kwamba kila mtu huivunja. Dhambi ikihubiriwa kwa ukali peke yake, sisi vijana huinamisha vichwa na kungoja mahubiri yaishe. Lakini hakuna kijana atakaye kuwa Falstaff ndani ya tenga. Woga wa kuchekwa ni mlinzi mdogo, na dhamiri ni mlinzi mkubwa. Mji wenye busara haumfukuzi mlinzi mdogo kwa sababu mkubwa yupo.

Nanyi kaka zetu wa zamani, ambao sasa mna nyumba zenu huko Huye, Rubavu, Goma, Bujumbura na kwingineko, ninyi mwajua kwa kutenda mambo ambayo mimi wa miaka kumi na tisa nayajua kwa kutazama. Mkiona nimekosea, mwandikieni Mhariri. Na mwisho wa mwaka, ruhusa ikipatikana, njoni na wake zenu. Nimechaguliwa kuwa Bwana Ford. Wenzangu wasema kwamba sehemu hiyo yanifaa bila mazoezi, maana muhula uliopita nilimnunia rafiki yangu juma zima kwa sababu ya barua ambayo, kumbe, alikuwa akimwandikia dada yake. Nimekwisha kumwomba radhi. Yeye ndiye atakayeigiza Bibi Ford, na tenga tumekwisha kuliazima jikoni.